Dirisha la Saba Halina Waya

Taa zilizowaka zilikuwa saba. Oundo aliweka sita.

Na Oundo si mtu wa kukosea hesabu ya taa. Muulize dereva yeyote wa lori aliyewahi kukwama kwenye foleni ya Malaba siku mbili, akaamua kujiliwaza kwa kulipamba gari lake, ni nani alimzungushia zile taa za buluu kwenye bampa. Atakuambia ni kijana mmoja wa Busia, mdomo mrefu, mikono mepesi, aliyeacha shule kidato cha pili na haoni haya kulisema hilo hata mbele ya walimu. Ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi, na ubao wa nje ameuandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: SIMU ILIYOKUFA HUFUFUKA HAPA.

Lakini Jumanne hiyo hakuwa kibandani. Alikuwa nyumbani kwao, upande wa Sigalame, sebuleni kwa marehemu baba yake, saa kumi ya jioni, na mvua ilikuwa imelifanya anga kuwa jeusi kama sufuria ya matanga. Mezani palikuwa na meli. Urefu wake kama mkono wa mtu mzima kutoka begani hadi kidoleni, umbo la mti wa mvule, sitaha ya bati lililokatwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, bomba la moshi la chupa ya dawa ya ng'ombe. Ubavuni ilikuwa na madirisha saba ya mviringo, kila moja limefunikwa kwa plastiki ya chupa ya soda. Ubavu wa pili ulikuwa bapa, bila hata tundu la msumari, kana kwamba aliyeichonga aliiona meli hiyo kutoka upande mmoja tu.

Oundo aliinamisha kichwa akachungulia. Madirisha sita yalikuwa na mwanga mweupe, mkali, ule wa taa za LED alizozikata kwenye mabaki ya kazi ya Malaba. Mabaki yalitosha sita. Dirisha la mwisho, karibu na mkia, alikuwa ameliacha tupu mpaka atakapopata nyingine. Hilo nalo liliwaka. Mwanga wake ulikuwa wa manjano, mzito, kama wa koroboi iliyoteremshwa utambi.

Akachomoa betri. Sita zikazima. La saba likabaki.

"Ni chaji imebaki," akasema kwa sauti, kama anavyowaambia wateja wasiojua kitu. Lakini yeye anajua kitu. Chaji hubaki ndani ya kifaa, na ndani ya dirisha lile hakuweka kifaa wala waya.

Akangoja aogope. Woga haukuja.

Tusimcheke bado. Tangu baba yake, mzee Alinga, alipokufa, Oundo alikuwa hivyo hivyo, kama shavu lililodungwa sindano na daktari wa meno: unaligusa, unajua ni lako, lakini halikujibu. Jumamosi ya mazishi watu walimsukuma mbele, kifungua mimba, aseme neno kaburini. Akasema, "Asanteni kwa kuja. Chakula kiko upande ule." Wengine walicheka, shangazi zake wakaziba midomo kwa khanga, na hadi jioni habari ilikuwa imefika Funyula kwamba mtoto wa Alinga hana machozi. Alitaka kulia. Alijaribu hata chooni, peke yake, akikunja uso. Hakukutoka kitu.

Kwa hiyo akaamua atafanya jambo analoliweza. Siku ya kunyoa nywele ilikuwa Alhamisi, siku ya kufunga matanga, na wageni wangejaa sebuleni. Wangeikuta meli ya mzee inang'aa. Wangeuliza ni nani aliifanya, na jibu lingetosha kuwa hotuba.

Lakini kulikuwa na jambo jingine chini ya hilo. Krismasi mbili nyuma alikuwa amemwambia baba yake mbele ya watu, "Mzee, nikuwekee taa kwa hiyo meli? Ya bure." Mzee Alinga, aliyepaka mafuta injini za meli za mizigo ziwani miaka thelathini, hakuinua hata macho. "Meli yangu haihitaji taa zako," alisema. Basi. Watu wakaendelea kula. Oundo akaendelea kula pia, lakini neno lile lilimkaa kooni, maana alilisikia kwa tafsiri yake mwenyewe: meli ya mtu wa maana haihitaji kazi ya mtu aliyeacha shule. Sasa mzee amelala, hawezi kukataa. Tutaona kama haihitaji.

Tatizo likawa stima. Transfoma ililipuka Jumatatu, na chuma chake cha umeme cha kuchomelea waya kikawa kijiti tu. Akakumbuka chuma cha zamani cha mzee, kipande cha shaba kizito kwenye mpini wa mti, kile mzee alichozibia karai na koroboi za majirani. Kile hakitaki stima. Kinataka makaa. Na jikoni, asubuhi ile, kuni zilikuwa zimelowa, moshi mtupu. Makaa mekundu boma zima yalikuwa mahali pamoja: uani, karibu na kaburi, kwenye moto wa matanga.

Kwao, mwenye boma akifa moto ule huwashwa siku ileile na hauzimi hadi siku ya kunyoa. Watu huuota. Hakuna anayechomea mahindi hapo, hakuna anayewashia sigara, na hakuna kaa lake linaloingia ndani ya nyumba. Mtoto wa miaka mitano anajua. Oundo pia alijua, ila ana kichwa cha kujitetea kama wakili. Kaa haliingii ndani, alijiambia, kinachoingia ni chuma. Si moto, ni joto tu. Akakichomeka chuma kwenye makaa, akakimbia nacho ndani, akaunga waya, akarudi, akakichomeka tena. Taa sita, viungo kumi na viwili vya waya, safari kumi na mbili kati ya kaburi na meza. Mvua ilianza alipomaliza cha mwisho.

Sasa, akiwa bado anachungulia lile dirisha la manjano, alisikia harufu ya nyama choma. Aliipenda kidogo, akajiuliza ni nani anachoma nini wakati wa mvua. Kisha akatazama chini. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimelala juu ya shaba, na ngozi ilikuwa inafanya weupe na kujikunja pembeni. Akakiondoa bila haraka. Hakikuuma hata kidogo.

"Umeiwasha."

Mama yake, Roselida, alikuwa mlangoni, leso imelowa, anaangalia meza. Hakuwa amekasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma jina lake kwenye orodha.

"Nimeiwasha, Mama. Si inapendeza?"

"Baba yako alikuambia usiitie taa."

"Aliniambia haihitaji. Hayo ni maneno mawili tofauti."

Mama alivuta kigoda, akaketi mbele ya meli, magoti yake karibu yaguse meza, na akaweka mikono mapajani kama mtu anayengoja zamu yake zahanati. Chumba kilikuwa kimeanza kunuka omena mbichi na dizeli. Hakuna aliyenunua omena wiki hiyo.

Alhamisi wageni walikuja, nywele zikanyolewa, majivu ya uani yakazolewa. Wanaume waliizunguka meli wakiisifu, na mmoja akauliza, "Kijana, hii ya nyuma mbona ya rangi nyingine?" Oundo akajibu kwamba ni mtindo. Siku nyingine angeongeza maneno kumi na kejeli mbili. Siku hiyo neno moja lilimtosha. Aliona mama yake hakula. Aliona pia kwamba wageni, mmoja mmoja, walisogeza viti vyao mbali na meza ile bila kujua kwamba wanavisogeza, hadi mwisho sebule ikawa na duara tupu katikati, na ndani ya duara meli na Roselida.

Wageni walipoondoka, Roselida alijaribu kuinuka kwenye kigoda. Hakuinuka.

"Miguu imelala," alisema.

Dada yake Oundo, Vivianne, anayesuka nywele Busia na ana ulimi wa kunyoa bila wembe, alipiga magoti akaanza kumsugua mama nyayo. Akaacha kusugua. Akamwangalia kaka yake, akamwashiria kwa kidevu watoke nje.

"Ni baridi kama samaki wa friji," alinong'ona wakiwa chini ya upenu. "Nimemdunga na sindano ya kusukia. Nimedunga mpaka damu. Anaangalia tu hiyo meli yako."

"Ni uchovu. Matanga inachosha."

"Oundo. Watu wanasema umenunua jini hapo mpakani. Ati ndio maana hukulia."

"Ningenunua jini ningenunua la kufagia kibanda. Wacha mchezo."

"Sichezi." Alimshika mkono, akaona kidole kilichoungua, malengelenge yamepasuka. "Hii imekuuma?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nimekuambia hapana."

Vivianne alikibonyeza kwa ukucha, kwa nguvu, pale penye nyama mbichi, akimtazama usoni. Uso haukubadilika. Akakiachia kile kidole polepole, kama mtu anayerudisha kitu dukani.

"Stima ilikuwa imepotea Jumanne," alisema. "Hizo waya ulichomelea na moto gani?"

Oundo alitazama mahali palipokuwa na moto wa matanga. Palikuwa pamefagiliwa, duara jeusi limebaki kwenye udongo. Vivianne alifuata macho yake hadi pale, kisha akarudi ndani mbio kwa mama.

Ijumaa walimpeleka mama zahanati kwa pikipiki, katikati yao kama gunia. Presha sawa, sukari sawa, malaria hakuna. Saa kumi walikuwa wamerudi, na saa kumi mvua ikaanza, maana majira hayo upande wa Samia mvua inashika saa kama mwajiriwa. Na mvua ilipoanza, ikaanza ile sauti.

Ilikuwa chini ya sakafu. Dum, kimya, dum, kimya. Oundo alidhani ni kinu cha jirani. Kisha akaona maji ndani ya ndoo kwenye kona yanatetemeka kwa mpigo uleule, duara ndani ya duara, na vikombe kabatini vinagongana kwa upole, na taa zake sita, ambazo betri yake ilikuwa mfukoni mwake mwenyewe, zikawaka moja baada ya nyingine kutoka mbele hadi nyuma, kama mtu anayetembea ukumbini akifungua milango.

"Wanasema bado," mama alisema. Alikuwa anatabasamu kidogo. "Wanasema injini haijapata moto vizuri. Mvua mbili zaidi."

"Nani, Mama?"

"Hawa." Akageuza kichwa, na kwa muda mfupi akawa mama yao tena, macho yenye akili, macho yaliyowahi kumfukuza chifu uani. "Unajua kwa nini alikukataza? Wewe ulidhani alikudharau. Nilikuona ukidhani hivyo siku ile ya Krismasi, nikataka kukuambia, akanikanyaga mguu chini ya meza."

Akawaambia, kwa vipande, akipumzika katikati. Miaka mingi nyuma, mzee Alinga akiwa zamu, meli yao ilipitana ziwani na nyingine isiyokuwa na jina wala bendera. Ilipita karibu, kimya, mvua inanyesha, na alichokiona ni ubavu mmoja na madirisha saba yenye taa, na watu wameketi ndani wakitazama mbele, hakuna anayezungumza. Kitu ndani ya meli hiyo kilimwita kwa jina la utotoni. Wenzake walimshika kiuno. Akaacha kazi mwaka huohuo, lakini meli ile ilimfuata kila alipofumba macho, hadi akaichonga ili itoke kichwani ikae mezani. Na akaiacha giza. Meli isiyo na taa haiendi popote.

"Hakukudharau," Roselida alisema. "Aliogopa. Aliona mikono yako inaweza."

Kisha akageuka tena kuitazama meli, na tangu hapo hakuwaita kwa majina. Usiku baridi ilikuwa imepanda hadi magotini. Kesho yake asubuhi ilikuwa kiunoni.

Oundo alilisikia lile neno, *mikono yako inaweza*, neno alilolitafuta miaka yote, likampita kama gari lisilosimama. Alijua ni zito. Alijua kwamba mtu mwingine angeanguka chini. Yeye aliona tu kwamba ni Jumamosi, na kwamba mvua mbili zaidi, bila kuhesabu ya jana jioni, si hesabu ndefu.

Vivianne ndiye aliyempata Akiteng. Mteja wake mmoja alimwelekeza Chakol, kwa mama wa Kiteso anayelima karanga na kutoa vitu vya giza majumbani. Wakati anafuatwa, mvua ya Jumamosi ilinyesha, baridi ikafika kifuani, na sauti ya Roselida ikabaki mnong'ono. Jumapili saa kumi kasorobo Akiteng alifika nyuma ya pikipiki, mwanamke mfupi, mpana, viatu vya mpira, sweta ya shule ya mtu mwingine. Hakuwa na tunguri wala manyoya. Alikuwa na karanga mfukoni, na alizitafuna akiizunguka meza mara mbili.

"Baba yenu hayuko hapa," alisema. "Baba yenu amelala vizuri, msimsumbue. Hiki ni kitu cha ziwani. Kilimjua, kikakosa kumpata. Kilikuwa kinatafuta moto wa kusafiria." Akamgeukia Oundo. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndio, mama."

"Unajua kujisifu, nimesikia."

"Kidogo."

"Basi leo hutajisifu. Moto wa matanga umezolewa, hakuna wa kuurudisha. Uliobaki uko kwenye hivyo viungo vyako vya waya. Uliingiza kwa mkono, utatoa kwa mkono. Si koleo, si kisu. Mkono."

"Na dirisha la mwisho? Halina waya."

Akiteng akaacha kutafuna. "Hilo hukuliweka wewe. Hilo limewekwa na aliye ndani, apate pa kumkalisha mama yenu. Waya zikiisha, utamwambia huyo wa ndani ashuke. Ashuke tu. Usimpe kitu, usimwahidi kitu, hata akilia na sauti ya baba yako. Umenisikia? Hawa hawaibi. Wanapewa."

Mvua ikaanza kabla hajamaliza neno.

Haikuanza kwa matone. Ilianguka yote pamoja, bati likapiga kelele, mlango ukajifunga, na mchana ukazimika. Na chini ya sakafu dum ikawa haina kimya katikati, dum dum dum, ndoo ikamwaga maji yake, na harufu ya dizeli ikawashika kooni. Oundo akaingiza vidole ndani ya meli. Akashika waya wa kwanza, akavuta. Kiungo kikakatika, taa ikazima, na nje mahali pa moto wa zamani kitu kikatoa sauti kama maji kwenye makaa. Akavuta wa pili, wa tatu. Hakuhisi waya, aliviona vidole vyake vikifanya kazi kama vya mtu mwingine, vikikatwa na bati, vikitoka damu, vikirudi ndani, na Vivianne nyuma yake alikuwa amemkumbatia mama kiunoni kwa mikono yote miwili, kama wale mabaharia walivyomshika baba yake, na alikuwa anahesabu kwa kunong'ona, nane, tisa, kumi, kwa sababu hakujua sala yoyote ya jambo kama hili.

Kumi na mbili. Sita zikafa. Likabaki la manjano.

Akachungulia, kwa sababu hakukuwa na namna ya kutochungulia, na ndani ya dirisha lile lisilozidi kifuniko cha soda aliona chumba kirefu kuliko meli, kirefu kuliko nyumba, benchi baada ya benchi, na watu wameketi wamempa mgongo, wamelowa, hawasogei, na kwenye benchi la mwisho, karibu kabisa na kioo, mwanamke mwenye leso ya mama yake, nywele zimenyolewa upya, mikono mapajani, na pembeni yake kitu kilichosimama ambacho kilikuwa na urefu wa mtu lakini hakikuwa na upande wa pili, ubavu mmoja tu, na kitu hicho kilikuwa kinamfunga mama yake mkanda kiunoni taratibu, kwa upole, kama mzazi anayemfunga mtoto.

"Shuka," Oundo alisema.

Kitu kiliacha kufunga mkanda. Nyuma yake Vivianne akanong'ona, "Hapumui. Oundo, mama hapumui."

"Shuka. Mwache."

Kikageuka, na kwa kuwa hakikuwa na upande wa pili, kilipogeuka hakikuonekana, ikabaki sauti peke yake. Haikuwa sauti ya mzee Alinga. Ilikuwa ya Oundo mwenyewe, ya kibandani, ile ya kubembeleza wateja. *Boss,* ilisema, *safari haiwezi kuondoka na kiti kitupu.*

Na hapa ndipo wenye akili wangekumbuka mama wa karanga na onyo lake. Lakini Oundo alilikumbuka pia, neno kwa neno. Aliliweka pembeni. Alifikiri: mimi nina nini cha kupoteza, mimi ambaye hata kidole changu kikiiva nasikia njaa? Akasogeza midomo karibu na plastiki ya dirisha, ili Akiteng asisikie, na akasema polepole, kama anayempa mtu namba ya simu:

"Kiti nitakaa mimi."

Taa ya manjano ikazima.

Mvua ilikatika kama bomba lililofungwa. Roselida akavuta pumzi moja ndefu yenye mluzi, akakohoa, akaanza kulalamika kwamba miguu inamchoma kama siafu, na kwamba katika nyumba yenye watu wazima watatu haiwezekani mtu akakosa hata uji. Vivianne akacheka akilia. Na Oundo, akiwa bado ameinama mezani, aliutoa mkono ndani ya meli. Vidole vyake vilivyochanika vikaanza kuuma vyote kwa pamoja. Halafu mzee Alinga akafa. Ndivyo ilivyokuwa kwake: alikufa pale, Jumapili ile, saa kumi na dakika chache, na mwanawe akalia akiwa amekumbatia kipande cha mvule, kwa sauti mbaya, ya mtu asiyejua kulia, hadi majirani wakaja kuuliza ni nani tena.

Akiteng alimngoja amalize. "Ulimwambia nini mwishoni?"

"Ashuke tu."

Chai ilikuwa imeshamiminwa. Akiteng hakuigusa. Alimwagiza Vivianne aipasue meli kwa shoka na kuifukia penye duara jeusi, akavaa viatu vyake vya mpira, akapanda pikipiki, na hakugeuza kichwa.

Ni mwezi wa pili sasa tangu siku ile. Kibanda cha Busia kimefunguliwa, ubao uleule. Roselida amepanda maharagwe, na jioni humpigia mwanawe simu kumwuliza kama amekula. Oundo amerudi kuwa Oundo, anatania makondakta, anadanganya wateja kwamba simu zao zilikuwa zimekata roho kabisa. Watu wanasema mikono yake imekuwa mizuri zaidi kuliko zamani, haitetemeki, na kwamba siku hizi anashika waya wa moto bila koleo.

Kile kidole cha shahada kilipona. Maumivu yalikaa siku tatu, kisha yakaondoka, na yakaondoka na kila kitu, baridi na joto. Wiki iliyofuata, akifunga kibanda, aliona kitu chini ya ukucha. Alidhani ni risasi ya kuchomelea. Akakwangua. Hakikukwanguka. Kilikuwa kidogo, cha manjano, na alipokiweka mbele ya jicho kilionekana kiko mbali sana, kama dirisha linalokuja kwenye maji.

Akavaa glavu. Huwaambia wateja ni mambo ya usalama kazini.

Leo saa tisa na nusu mteja mmoja, dereva kutoka Malaba, alisimama chini ya bati la kibanda akitazama mawingu yanavyokuja kutoka upande wa Uganda. "Fundi," alisema, "mbona sakafu yako inatetemeka? Kuna kinu hapa karibu?"

"Kipo," Oundo alisema.

Simu ikalia. Mama. "Umekula?"

"Nimekula."

"Huko kwenu kunanyesha?"

"Bado, Mama."

Alipokata simu aligeukia ukuta, akavua glavu, akahesabu. Akahesabu tena, ingawa yeye si mtu wa kukosea hesabu ya taa. Kucha zilizowaka manjano zilikuwa sita. Akatazama kidole cha saba, chenye ukucha mweusi bado, na tone la kwanza likagonga bati.